Ganzi, kutulizwa na nusu kaputi: mambo matatu yanayochanganywa kwenye kiti cha daktari wa meno

Daktari wa meno akimwambia mtu, "Tutakupa dawa kidogo ya kukutuliza," mara nyingi mtu yule husikia jambo jingine kabisa. Husikia "nusu kaputi". Papo hapo anajiona yuko chali, hajitambui, na watu wanahangaika kinywani mwake bila yeye kujua. Wapo wanaokataa kwa kuogopa kutoamka. Wapo pia wanaokubali kwa furaha wakidhani watalala fofofo na kuzinduka jino limeshatoka, kisha wanapojikuta macho, wanasikia kila chombo kinavyogonga, hulalamika kwamba dawa ilikuwa feki. Wote wamekosea, na kosa lao ni moja: neno "usingizi" limebebeshwa mizigo mitatu.

Mkanganyiko huu hupamba moto kila inapotoka habari ya mtu, hasa mtoto, aliyepoteza maisha wakati wa matibabu ya meno. Habari husema "alipewa dawa ya usingizi" na kuishia hapo. Haisemi alipewa dawa gani, alizamishwa kiasi gani, nani alikuwa kazini kumwangalia, na alipozama kupita kiasi palikuwa na nini cha kumwokolea. Hayo manne ndiyo yenye maana. Bila hayo, habari ya aina hiyo ni sawa na kusema mtu "amekufa kwenye maji" bila kueleza kama alikuwa akinawa uso au akivuka bahari.

Basi tutenganishe.

Ganzi ni ile sindano ya kwenye fizi. Dawa yake, kwa mfano lidokeini, huzuia mishipa ya fahamu ya sehemu ndogo isipeleke habari ya maumivu kwenye ubongo. Midomo inakuwa mizito, ulimi unakuwa kama wa kuazima, lakini akili yako haijaguswa hata kidogo. Ganzi inashughulika na maumivu.

Nusu kaputi iko upande wa pili kabisa. Hapo fahamu zenyewe zinaondolewa. Ukiitwa huitiki, ukichomwa hushtuki, na mara nyingi hata kupumua unasaidiwa. Inahitaji mtaalamu wa usingizi, vifaa vyake na mahali pa kukuangalia mpaka uzinduke. Uingereza iliamua kwamba kuanzia mwisho wa mwaka 2001, nusu kaputi kwa ajili ya meno itolewe hospitalini tu, penye uwezo wa kumhudumia mgonjwa aliyezidiwa, isitolewe tena kwenye kliniki za kawaida.

Kutulizwa hakumo katika hayo mawili. Dawa ya kutuliza inashughulika na hofu. Inapunguza makali yake bila kukunyang'anya fahamu. Unapumua mwenyewe. Ukiambiwa "panua mdomo" unapanua, ukiulizwa kama kuna maumivu unajibu, pengine kwa uvivu wa mtu aliyeamshwa alfajiri. Chukulia hofu kuwa redio inayopiga kelele chumbani. Ganzi haigusi redio hiyo. Nusu kaputi inakata umeme wa nyumba nzima. Kutulizwa ni kushusha sauti: redio bado inacheza, ila sasa mnaweza kuzungumza.

Ndiyo maana lile swali la kila siku, "Kama nimeshatulizwa, sindano ya nini tena?", lina jibu jepesi. Dawa ya hofu haizibi njia ya maumivu. Gesi ya kutuliza inayovutwa puani, ambayo tutaifikia, hupunguza maumivu kidogo, lakini si kiasi cha kung'olea jino. Faida yenyewe iko kwenye mpangilio: unatulizwa kwanza, sindano inafuata. Na kwa kuwa wengi huiogopa sindano kuliko hata koleo, inapofika wewe umeshalegea.

Hofu yenyewe ina gharama

Kuna watu wanaona haya kusema wanaogopa. Nimewahi kumsikia mwanamume wa miraba minne akiapa kwamba afadhali avunjike mkono kuliko kukaa kwenye kile kiti, na waliokuwepo wakamcheka. Sikuona cha kuchekesha. Hofu ya aina hiyo ni ya mwili mzima: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, jasho linatoka, wengine huzirai, wengine koo hutaka kutapika chombo kikigusa tu nyuma ya ulimi. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo "jikaze" ukadhani umemtibu.

Tena hofu hujilisha yenyewe. Mwoga hukwepa kliniki. Jino ambalo lingezibwa kwa dakika chache linaoza mpaka kwenye kiini. Anavumilia, anasukutua maji ya chumvi, anameza dawa za maumivu, hadi siku uso umevimba ndipo anakwenda. Siku hiyo sasa, ganzi nayo inakuwa dhaifu, kwa sababu nyama yenye usaha na uvimbe huwa na tindikali nyingi, na tindikali hupunguza nguvu ya dawa ya ganzi. Basi anaumia kwelikweli. Anarudi nyumbani akisema, "Si niliwaambia?" Na alichosema ni kweli. Dawa ya kutuliza, ikitumiwa mapema, hukata mnyororo huo mahali panapokatika kirahisi, yaani kabla jino halijafika huko.

Mteremko, si vidato

Wataalamu wa usingizi hugawa hali hizi katika hatua nne: kutulizwa kidogo, kutulizwa kiasi, kutulizwa kwa kina, na nusu kaputi. Katika hatua ya kwanza unazungumza kama kawaida, umetulia tu. Katika ya pili unasinzia, lakini ukiitwa au ukiguswa begani unaitika na kufanya unachoambiwa. Katika ya tatu kukuamsha ni kazi: mpaka uitwe tena na tena au ufinywe, na pumzi yako huenda ikahitaji msaada. Ya nne tumeshaieleza.

Ukitazama mchoro wake kwenye karatasi utadhani ni ngazi za saruji, kila kidato na mpaka wake. Mwilini ni mteremko. Dozi inayomfikisha mmoja kwenye hatua ya kwanza inaweza kumteremsha mwingine hadi ya tatu, kwa sababu ya umri, ini, uzito, dawa nyingine anazotumia, au maumbile yake tu. Kutokana na hilo imewekwa kanuni ambayo mimi naiona ndiyo moyo wa mada hii yote: anayekupeleka kwenye hatua fulani lazima awe na ujuzi na vifaa vya kukuokoa endapo utateleza hadi hatua inayofuata. Daktari anayekusudia kukutuliza kiasi awe anaweza kumrudishia pumzi mtu aliyezama. Asiyeweza, asianze.

Kwa anayetafuta matibabu ya kawaida ya meno akiwa na hofu, mazungumzo huwa ni ya hatua ya kwanza na ya pili tu. Njia za kufika huko ni gesi, dawa ya kumeza, au dawa ya mshipani.

Gesi na kisa cha Horace Wells

Gesi ya kicheko, ambayo jina lake la kitaalamu ni naitrasi oksaidi, ina historia inayoeleza kosa letu la leo vizuri kuliko mhadhara wowote. Mwaka 1800 mwanakemia Humphry Davy wa Uingereza aliandika kwamba gesi hiyo ilimpunguzia maumivu ya fizi, akadokeza kuwa huenda ingefaa kwenye upasuaji. Hakuna aliyejali. Kwa miaka mingi ilibaki mchezo: watu walilipa kiingilio kuvuta gesi jukwaani na kuwaona wenzao wakipepesuka.

Tarehe 10 Desemba 1844, katika mji wa Hartford nchini Marekani, daktari wa meno Horace Wells alihudhuria onyesho la namna hiyo lililoendeshwa na Gardner Colton. Kijana mmoja aliyevuta gesi alijigonga mguu ukatoka damu, akarudi kuketi kama vile hakuna kilichotokea. Wells akamuuliza kama hakusikia maumivu. Hakusikia. Kesho yake Wells alikaa kwenye kiti yeye mwenyewe, Colton akampa gesi, na mwenzake John Riggs akamng'oa jino.

Mwezi uliofuata Wells alikwenda Boston kuwaonyesha madaktari. Mgonjwa akapiga kelele katikati ya kazi, na hadhira ikamzomea Wells kuwa ni tapeli. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba gesi iliondolewa mapema mno. Wells alikuwa anaitaka gesi ifanye kazi ya nusu kaputi, na gesi hii kwa kazi hiyo ni dhaifu. Uwezo wake mkubwa uko kwenye hofu. Kwa maneno mengine, yule mgonjwa wa Boston na yule anayelalamika leo kwamba "mbona sikulala" wamekutana na ukweli uleule.

Kuna tofauti nyingine iliyo kubwa zaidi. Enzi za Wells gesi ilivutwa yenyewe bila kuchanganywa na oksijeni. Leo inachanganywa, na mashine za kliniki hutengenezwa zisiweze kushusha oksijeni chini ya kama asilimia 30 hivi. Hewa tunayovuta kila siku ina oksijeni asilimia 21. Kwa hiyo anayeogopa kwamba "gesi itanikosesha hewa" ajue kuwa hata ikifunguliwa hadi mwisho wake, oksijeni anayopata ni nyingi kuliko aliyokuwa akiivuta kwenye benchi la kusubiri.

Unavalishwa kifuniko kidogo puani. Kinaanza na oksijeni tupu, kisha gesi inaongezwa kidogo kidogo huku daktari akikuuliza unajisikiaje. Baada ya dakika chache vidole na midomo vinawasha kwa mbali, mwili unakuwa wa joto, unahisi kuelea au kuzama kwenye kiti, sauti zinakuwa kama zinatoka chumba cha pili. Kucheka si lazima, wengi hawacheki. Ikizidi unaanza kusikia kichefuchefu au kizunguzungu, na dawa ya hilo ni kuipunguza. Gesi hii haiyeyuki sana kwenye damu, hivyo inavyoingia upesi ndivyo inavyotoka upesi, kwa njia ya mapafu. Mwishoni unavutishwa oksijeni tupu kwa kama dakika tano, na mara nyingi mtu mzima aliyepewa gesi peke yake huruhusiwa kuondoka bila msindikizaji baada ya daktari kuridhika.

Haimfai kila mtu. Mwenye mafua makali ataivuta na nini? Mtoto anayelia kwa mdomo wazi haipati. Gesi pia hupenda kuingia kwenye nafasi zilizofungwa zenye hewa na kuzitanua, kwa hiyo aliyefanyiwa karibuni upasuaji wa jicho akawekewa kiputo cha gesi, au mwenye hewa iliyonaswa kifuani, asiiguse. Mwenye upungufu wa vitamini B12 aseme, kwa kuwa gesi huilemaza vitamini hiyo. Na mjamzito, hasa miezi mitatu ya kwanza, kwa kawaida huambiwa asubiri au atumie njia nyingine. Suala hilohilo la B12 ndilo linaloeleza kwa nini vijana wanaovuta gesi hii kwenye maputo kwa starehe, mara kwa mara na bila oksijeni, hufika mahali miguu ikafa ganzi na kushindwa kutembea. Gesi ni ileile. Kilichobadilika ni dozi, oksijeni, na kuwepo au kutokuwepo kwa mtu anayejua anachofanya.

Kidonge si kitu kidogo

Watu huona gesi na mitambo yake kuwa ndiyo ya kutisha, kidonge wakakichukulia kama pipi. Mimi naona ni kinyume. Gesi ni bomba: ukitaka unafungua, ukitaka unafunga. Kidonge ni jiwe lililokwisha rushwa. Likishatoka mkononi huna tena la kufanya isipokuwa kungoja litakapotua.

Vidonge vinavyotumika sana ni vya jamii ya benzodiazepini, kama diazepamu na lorazepamu. Midazolamu hutolewa pia kama dawa ya maji. Ubongo una breki zake za asili za kujituliza. Dawa hizi hazifungi breki mpya, zinafanya zile zilizopo zishike kwa mguso mdogo. Kwa kawaida mgonjwa humeza dozi aliyopangiwa takriban saa moja kabla ya matibabu.

Hatari inaanzia kwenye ile saa moja. Dakika arobaini zimepita, mtu hasikii kitu, anaongeza cha pili. Kumbe cha kwanza kilikuwa bado njiani, na sasa vinafika pamoja. Breki zilezile zinazotuliza hofu, zikikamatwa kupita kiasi, zinapunguza pumzi. Pombe inakamata breki hizo pia. Dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni nazo hupunguza pumzi kwa njia yao. Vikikutana viwili au vitatu, mtu mwenye afya njema kabisa anaweza kuacha kupumua akiwa kwenye kochi lake. Kuna na vitu vinavyoonekana havihusiki: juisi ya balungi, na baadhi ya dawa za kuua bakteria kama klarithromaisini na erithromaisini, huchelewesha midazolamu kuvunjwavunjwa, ikakaa mwilini ndefu na nzito kuliko ilivyokusudiwa. Dawa za kuua bakteria ni jambo la kawaida kwa mwenye jino bovu. Basi ukiulizwa "unatumia dawa gani nyingine?" usijibu "hakuna" ili mambo yaende haraka.

Na haitoki upesi. Nusu ya dozi ya diazepamu inaweza kuchukua zaidi ya siku moja kuondoka mwilini. Ndiyo sababu unaambiwa uje na mtu mzima wa kukurudisha, usiendeshe chombo, usishike mashine wala kutia saini jambo la maana mpaka kesho yake, hata kama unajiona mzima. Kujiona mzima ni dalili mojawapo ya dawa.

Dawa ya mshipani, mara nyingi midazolamu, inakaa kati ya bomba na jiwe. Inaingizwa kidogo, daktari anangoja, anaangalia, anaongeza. Kidoleni unabanwa kifaa kinachosoma oksijeni ya damu. Kwa mtu mwenye afya husoma asilimia 95 kwenda juu. Ipo pia dawa ya kuzindua, flumazenili, inayoachilia breki zile kwa muda. Kwa muda, kwa sababu yenyewe huisha mwilini haraka, na mgonjwa anaweza kusinzia upya. Aliyezinduliwa hivyo haruhusiwi kwenda nyumbani mara moja.

Watoto

Hapa ndipo upole wa maneno "dawa kidogo tu" unapopaswa kumshtua mzazi. Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba, tezi za koo mara nyingi ni kubwa, na oksijeni yake hushuka haraka sana pumzi ikikatika. Dozi hupigwa hesabu kwa kilo, hivyo kosa ambalo kwa mtu mzima ni dogo, kwake ni kubwa. Miongozo ya vyama vya Marekani vya madaktari wa watoto na wa meno ya watoto iliyopitiwa upya mwaka 2019 inataka mtoto anayetulizwa kwa kina awe na watu wasiopungua wawili waliofunzwa kuokoa maisha, mmoja wao asiwe na kazi nyingine yoyote ila kumtazama. Miongozo hiyohiyo inaonya dhidi ya kumpa mtoto dawa ya kutuliza nyumbani kabla ya kufika. Fikiria mtoto ameinamisha kichwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, kidevu kimegusa kifua, na wewe macho yako barabarani ukidhani amesinzia tu.

Watoto wengi wala hawahitaji dawa. Wanahitaji mtu wa kuwaeleza kitu, kuwaonyesha, ndipo akifanye, na asiwadanganye kwamba "haiumi".

Kwa nini uvumi haufi

Swali linabaki: kama mtu aliyetulizwa yuko macho, mbona kila mtaa una mtu anayeapa kwamba yeye "alilazwa kabisa" kwa sindano ya mkononi, akaamka kazi imekwisha?

Anasema anachokumbuka. Midazolamu na ndugu zake wana tabia ya kuzuia ubongo usiandike kumbukumbu mpya kwa muda. Mtu yule alikuwa macho. Aliambiwa ageuze kichwa akageuza. Huenda hata alisimulia habari za mwajiri wake na kuwachekesha waliokuwepo. Ila hakuna kilichoandikwa, na ubongo ukikuta kurasa tupu hujaza neno moja: nililala. Akitoka hapo anawahadithia wengine kwa moyo mweupe, na wao wanakwenda kliniki wakidai usingizi huohuo.

Kwa hiyo maelezo ya baada ya kazi, kama usisukutue kwa nguvu leo, ung'ate pamba kwa muda gani, dawa ipi saa ngapi, damu ikiendelea upige simu wapi, hayatoshi kuambiwa wewe. Utaitikia kwa kichwa, utasema "nimeelewa", na kweli utakuwa umeelewa kwa wakati huo. Jioni hutakumbuka hata kama mlizungumza. Aambiwe aliyekusindikiza, tena kwa maandishi.